Mkalimani Aliyeunyima Mlango Uso Wake

Wanunuzi wa nguo wa kwetu Afrika Mashariki walioko hapa Guangzhou, China, wana wakalimani wengi, lakini ukisema "nimeongea na Mkalimani", hakuna atakayekuuliza yupi. Jina lake nalijua. Nimeliandika kwenye nyaraka za mizigo mara nyingi. Hapa sitaliandika, kwa sababu ambayo msomaji ataielewa kabla hajafika mwisho. Wala sitaeleza alizaliwa wapi na nani. Dada huyo mwenyewe akiulizwa hujibu, "Nilizaliwa nikiwa mdogo," kisha anaendelea na kazi.

Mimi ni wakala wa mizigo. Nakusanya marobota ya wafanyabiashara wetu, nayapakia kwenye kontena na kuyapeleka bandarini Huangpu. Kichina nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi na kwa kusoma matangazo yanayobandikwa ndani ya lifti. Sheria nazo nimezisoma hivyo hivyo, kifungu baada ya kifungu, kwa sababu anayesafirisha mali za wenzake bila kusoma huwaponza. Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikumstahi Mkalimani kwa sababu ya kushangazwa naye siku moja. Nimemwangalia kwa miaka, kama ninavyokagua mzigo kabla ya kuufunga, na bado namwona ni mtu wa kuandikwa.

Nianze na mikono yake. Hakutafsiri neno kuhusu kitambaa kabla hajakishika. Alikisugua kwa kidole gumba karibu na sikio, akikisikiliza, huku laoban, yaani mwenye duka, akiendelea kuapa kwamba ni pamba tupu. "Anasema pamba," alimwambia mteja. "Hayo ni yake. Ya kitambaa nitakwambia tukitoka nje." Kazi yake aliigawa hivyo: maneno ya watu aliyatafsiri yote, bila kupunguza wala kuongeza, na maoni yake aliyaweka kando mpaka aulizwe.

Kutopunguza huko kulileta vichekesho. Siku moja, katika jengo la maduka ya jumla Barabara ya Zhanqian, mnunuzi mmoja kutoka Mbeya alichoshwa na bei ya jaketi. "Mwambie huyu mama ni mwizi," alisema. Mkalimani akatafsiri. Laoban akajibu kwa utulivu, akibonyeza kikokotoo. Mkalimani akamgeukia mnunuzi. "Anasema hata wewe una macho ya mwizi, ila anakupunguzia kidogo kwa sababu umetoka mbali."

"Umemwambia kweli nilivyosema?"

"Si ulisema nimwambie? Sasa mmeshajuana, tuendelee na bei."

Waliuziana jaketi kwa miaka baada ya hapo.

Sifa yake ya pili hainipi raha kuiandika, lakini picha ya mtu bila hiyo ingekuwa ya uongo. Alikuwa msambazaji mkuu wa habari za watu. Nani anaposa, nani amegombana na mshirika wake, nani amenenepa na anakana, vyote vilipita kwake kwanza, na kwake havikulala. Jumapili kanisani, kwaya ikimaliza wimbo wa mwisho, alikuwa na habari mpya kabla watu hawajafika mlangoni. Ndiyo maana alipokuja kuwa mtu wa kutetea faragha, wengi walicheka waziwazi. Mama Neema, mnunuzi wa sweta za shule kutoka Iringa na rafiki yake mkubwa, alimwuliza mbele yangu: "Wewe? Wewe uliyetangaza ndoa yangu kabla sijakubali?"

"Nilitangaza mimi," alijibu. "Ukaja, ukanisema, nikanyamaza siku nzima. Mashine ikikutangaza utamfuata nani?"

Na alipenda picha. Sebule yake katika mtaa wa Xiaobei ilijaa picha zake tangu juu hadi chini: amevaa gauni, amevaa koti la baridi, ameshika shada la maua ya plastiki studioni. Kila mwaka mpya wa Wachina, maduka yakifungwa, alikwenda kupigwa nyingine. Mgeni aliyeingia humo asingeamini kwamba mwanamke huyo huyo alikuwa tayari kupoteza kazi kwa sababu ya kamera moja.

Kamera hiyo ilikuja pamoja na milango. Jengo tulilolitegemea kuliko yote, ambalo silitaji kwa kuwa mwenendo wake wa leo ni mwingine, liliweka vizuizi vya kioo penye mlango mkuu na kwenye stoo za chini wanunuzi wanapohifadhi mzigo unaosubiri kukamilika. Kuanzia siku hiyo, anayetaka kuingia alipaswa kusajili uso wake. Ukisimama mbele ya kioo, duara la kijani linakuzunguka kichwa, mlango unafunguka. Watu walifurahi. Hakuna kadi ya kupoteza, hakuna foleni. Nami nilisajili, na sikuona tatizo.

Mkalimani alisimama mbele ya meza ya usajili akauliza maswali kwa Kichina chake cha polepole. Picha hii inakaa wapi? Inakaa muda gani? Nani anaiona? Nisipotaka, nipite wapi? Binti wa mezani alikuwa mpole, lakini jibu lake lilikuwa moja kwa maswali yote: "Mei banfa." Hapa neno hilo ni kama ukuta. Maana yake, hakuna namna.

"Basi na mimi sina namna," alisema Mkalimani, akatoka nje.

Lazima nieleze uzito wa hatua hiyo. Wateja wake karibu wote walinunua ndani ya jengo lile. Mkalimani asiyeingia dukani ni sawa na fundi cherehani asiye na cherehani. Kijijini kwao alikuwa anasomesha wadogo zake, na kibali chake cha kuishi kilitegemea kazi hiyo hiyo. Nilimwambia wazi kwamba angeshindwa.

"Inawezekana," alisema. "Lakini kaka, wewe unasoma. Sheria ya nchi hii inasemaje kuhusu uso wa mtu?"

Nilikuwa nimeisoma. Inauhesabu uso kuwa taarifa nyeti, na inataka mwenye biashara aeleze kwa nini anauhitaji, apate ridhaa mahususi kwa jambo hilo, na aufute sababu ikiisha. Na inamlinda mtu, si raia tu.

"Kwa hiyo mimi nimo," alisema.

"Umo."

"Basi siwaombi huruma. Nawaomba walichokwisha kukubali."

Miezi iliyofuata alifanya kazi akiwa nje. Sijaona ukalimani wa namna ile kabla wala baada. Alikaa pembeni ya ngazi, karibu na muuza maziwa ya soya, simu mkononi na nyingine ikichajiwa. Mnunuzi aliingia ndani, akampigia kwa video, akaielekeza simu kwa laoban, na mazungumzo yakaendelea akiwa kiganjani. Kitambaa kikihitaji kushikwa, sampuli iliteremshwa kwa lifti, akaisikiliza sikioni, ikapandishwa tena. Wengine walichoka wakatafuta mkalimani mwingine. Waliobaki walimtania kwamba sasa ana duka kubwa kuliko wote, halina hata paa.

Aliyemzuia mlangoni alikuwa mlinzi mmoja wa makamo, mtu wa kutoka Hunan, mtafunaji wa mbegu za alizeti. Alifanya kazi yake barabara: hakumruhusu hata mara moja. Ila mvua ya kwanza iliponyesha alimletea kigoda cha plastiki na kumwonyesha mahali pasipovuja. Tangu hapo kigoda kilimsubiri kila asubuhi. Walisalimiana, wakaulizana kuhusu watoto, na saa ya kazi ikifika, yeye alibaki nje, mlinzi akabaki mlangoni.

Kilichogeuza mambo ni desturi yetu wenyewe. Mnunuzi wa kwetu hasubiri mzigo uishe. Analipa, anahifadhi kilichopo stoo, anapanda ndege kuwahi duka lake, na mwenzake aliyebaki anamalizia kutoa. Tumefanya hivyo siku zote na hatukufikiri mara mbili. Mama Neema naye alifanya hivyo. Alisajili stoo kwa uso wake, akajaza sweta za shule, akamwachia Mkalimani maagizo, akarudi Iringa. Alipokwisha kutua ndipo tulipogundua kwamba ameondoka na ufunguo.

Shule zilikaribia kufunguliwa. Kontena langu lilikuwa na nafasi, meli ina siku yake. Uongozi wa jengo ulisema aje mwenye uso. Kwa kazi hiyo moja meneja alikubali Mkalimani ateremke kwa njia ya mizigo, akisindikizwa na mlinzi. Tukampigia Mama Neema kwa video, nikaishika simu mbele ya mashine. Alikuwa dukani kwake, kitambaa kichwani, wateja nyuma yake.

"Vua kitambaa," alisema Mkalimani.

"Mbele ya wateja?"

"Wape kisogo. Haya, fumba macho. Fumbua. Geuka kushoto. Kushoto kwako."

"Mnanipima ugonjwa au mnatoa sweta?"

Mtandao ukakwama, uso wake ukabaki umeganda jicho moja wazi. Mashine ikawasha taa nyekundu. Huko Iringa tulisikia mteja akicheka mpaka akakohoa.

Nyuma yetu alisimama mwanamke Mkongo, mnunuzi wa vitenge, akingoja zamu ya kufungua stoo yake ya jirani. Alisogea mbele kuchungulia tulichokuwa tunakifanya. Duara la kijani likamzunguka kichwa. Mashine ikatoa sauti yake ya kukaribisha, jina la Mama Neema likatokea kwenye kioo, na mlango wa sweta ukafunguka wote.

"Miye nilikuwa napita tu," alisema yule mama, mikono juu. "Masini ndiyo imefungua yenyewe. Pardon, mama."

Marobota yalikuwa pale, mkono ukinyooshwa unayagusa. Mkokoteni tulikuwa nao. Nilishika robota la kwanza. Mkalimani akaweka kiganja chake juu yake.

"Liache."

"Dada, meli."

"Mlango umekosea. Tukitoa sasa, tumekosea na sisi, na kesho watasema Waafrika waliiba stoo kwa uso wa kukopa. Mzigo usitoke. Mwite meneja."

Kisha akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Nimeona watu wakifanya mambo ya ujasiri bandarini, chini ya kreni, lakini mkono ule ukisukuma mlango ufungie ndani sweta zilizokuwa zinangojwa ng'ambo ndio ninaoukumbuka.

Meneja alishuka, mtu nadhifu, ameshika chupa ya chai. Alieleza kwamba mfumo haukosei. Mkalimani alimwomba yule mama Mkongo asimame tena. Duara la kijani, sauti ya kukaribisha, jina la Mama Neema. Meneja akamwomba arudie. Ikawa vile vile. Mlinzi wa Hunan aliacha kutafuna.

Mkalimani hakupandisha sauti. Nilimsikia akisema kwa Kichina, na baadaye akanitafsiria ili nihakikishe sikukosa neno: "Laoban, jaketi likiwa na kasoro unalirudisha kiwandani. Nyuso zetu ziko kwenye kompyuta yako. Zikiharibikia humo, utazirudisha wapi? Na mzigo ukiibwa kwa uso wangu, utanishtaki mimi au mashine?"

Jioni ile sweta zilitoka kwa nakala ya pasipoti, barua ya Mama Neema na sahihi. Ziliwahi meli.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye aliniuliza kama ni kweli nilichowahi kumwambia, kwamba jimbo linaandaa kanuni kwa wafanyabiashara wanaotumia mashine za sura, na kwamba rasimu iko wazi kwa maoni ya umma. Nilikuwa nimeiona tangazoni, nikaisoma kama ninavyosoma kila kitu, nikaiacha. Yeye aliichukua kama kazi. Alikusanya wanunuzi kwenye mgahawa wa ugali Xiaobei, akamsikiliza kila mmoja kwa zamu. Sharti lake liliudhi watu.

"Nilidhalilika sana," alianza Mkenya mmoja muuza viatu.

"Pole. Mlango ulifanya nini?"

"Si nakwambia, buda wa gate alinicheki vibaya."

"Mlango, kaka. Mlango ulifanya nini, nawe ulikuwa umesimama wapi?"

Hakutaka malalamiko, alitaka tukio. Kila tukio aliliandika kwa Kichina chepesi na kumsomea mwenyewe kwa Kiswahili kabla hajatia sahihi. Mimi nilioanisha kila moja na kifungu cha rasimu kinachohusika. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akawafuata malaoban. Mama wa jaketi, yule aliyeitwa mwizi, ndiye wa kwanza kutia sahihi. Wateja wake walikuwa wamepungua, na hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba duka lenye kamera yake ya kutambua wateja, kama lake, linabeba wajibu wake lenyewe mbele ya sheria. "Kwa hiyo hii ni hatari yangu pia," alisema, akakopa kalamu.

Wakati wa maoni ofisi ya jimbo iliita kikao cha wenye biashara, na chama cha maduka kikampeleka Mkalimani pamoja na wajumbe wake. Nilikaa nyuma. Kabla yake alizungumza muuzaji wa mifumo, kwa slaidi nzuri. Yeye alisimama bila slaidi, akasimulia stoo ya sweta, tangu simu ya Iringa mpaka alipoufunga mlango. Watu walicheka penye jicho lililoganda. Akamalizia: "Siombi mashine zitolewe. Anayependa apite kwa uso. Naomba pawe na mlango wa pili, na uwe mlango kweli, si dirisha la adhabu."

Afisa aliyeongoza kikao alimwomba arudie sentensi ya mwisho, polepole, aiandike.

Kanuni zilipotoka nilizisoma nikiwa nimesimama, ndani ya ofisi yangu kati ya marobota. Mfanyabiashara asiufanye uso kuwa njia pekee. Njia nyingine iwe rahisi kwa kiwango kile kile. Anayetaka kufutwa afutwe. Nilisoma tena kuhakikisha, kisha nikateremka mbio mpaka penye ngazi. Nilimkuta kwenye kigoda chake, anabishana kuhusu vifungo vya mashati. Nilimpa simu yangu asome. Alisoma mpaka mwisho, akamwambia aliyekuwa anaongea naye kwenye simu yake, "Subiri kidogo, laoban." Akafunika uso wote kwa viganja vyake viwili. Alipoviondoa alikuwa anacheka, na machozi yamefika kidevuni.

Mlango wa pili ulifunguliwa ubavuni mwa ule wa kioo, mpana, wenye mlinzi na kisoma kadi. Asubuhi ya kwanza tulijipanga wengi kuliko walivyotegemea: Watanzania, Wakenya, Wakongo, wanafunzi waliokuja kushangilia tu, na malaoban walioshuka kutupokea. Mtu alianza wimbo wa kwaya, mlinzi akatuomba tupunguze sauti, naye akawa anagonga mguu. Mkalimani alipita wa kwanza, kadi mkononi, amevaa gauni la studioni. Ghorofa ya tatu, mama wa jaketi alimwekea kitambaa kipya mezani na kumwambia, "Sikiliza."

Mama Neema alikuja msimu uliofuata. Hakwenda kununua kwanza. Alikwenda meza ya usajili, akaweka mkoba chini, akasema kwa Kiswahili, Mkalimani akitafsiri neno kwa neno: "Nimekuja kuchukua uso wangu." Binti wa mezani alibonyeza, akamgeuzia kioo cha kompyuta aone mahali palipobaki patupu. Nyuma yake ilikuwa imeshaundwa foleni. Nami nilikuwemo.

Nimeonyesha kwamba alikuwa na mambo yanayogongana, na ushindi haukuyaondoa. Habari za watu anaendelea kuzisambaza. Picha zimeongezeka, sasa zimeanza kupanda ukuta wa jikoni. Meneja yule anamwita kushauri majengo mengine, naye huenda, hulipwa vizuri, na bado anamsema meneja vibaya Jumapili.

Juzi nilikuwa napeleka nyaraka pale, nikamkuta anakaribia mlango wa pili, mifuko ya sampuli mikono yote miwili. Amepungua mwendo, goti linamsumbua. Mlinzi alikuwa yule yule wa Hunan. Mkalimani alisimama, akaanza kuhangaika kuteremsha mifuko ili atoe kadi. Mlinzi alitema ganda la mbegu, akaufungua mlango na kuushika.

"Pita," alisema. "Kadi ya nini? Sura hii naijua."

Nilisimama kusubiri. Nilimjua vya kutosha kutegemea hotuba. Yeye aliinamisha kichwa kidogo kama watu wa hapa wanavyoshukuru, akapita na mifuko yake. Penye lifti aligeuka, akaniona nimebaki nimeduwaa na nyaraka zangu.

"Usinitazame hivyo, kaka," alisema. "Huyu uso wangu nilimpa mwenyewe."